Laptopu Iliyomkataa Shangazi

Magoti ya Shangazi yalianza kunung'unika mwaka juzi, na mwaka huu yakagoma kabisa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia nguo, chaki mkononi, mkasi mkubwa pembeni, na siku zote hizo magoti hayakuwahi kumsemesha. Sasa akisimama nusu saa tu yanavimba kama unga uliotiwa hamira. Daktari aliyabonyeza huku na huku, akampa dawa ya kuchua na maneno machache: "Mama, kazi ya kusimama imekwisha."

Pale kwenye chumba cha kushonea wote walimwita Shangazi, kwa sababu mwenye chumba alikuwa binti wa kaka yake. Binti huyo wafanyakazi walimwita Bosi, lakini Shangazi alimwita Kadogo, jina la utotoni, ingawa Kadogo mwenyewe alikuwa amerefuka mpaka akipita mlangoni inabidi ainame. Kadogo hakuwa mtu wa kumtupa shangazi yake. Alichukua laptopu aliyosomea chuoni, akaiwekea programu ya kuchora nguo, na kwa miezi mitatu, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akamkalisha Shangazi kwenye meza ya nyumbani kwake na kumfundisha. Hapa ni mstari, hapa unapinda, hapa unaongeza saizi.

Shangazi aliishia darasa la saba, na Kiingereza cha kwenye ile programu alikishika kwa macho tu, kama mtu anavyoshika sura za majirani wapya. Lakini miili ya watu aliijua. Alijua kwamba muuguzi huinua mikono mara mia kwa siku kutundika chupa za maji ya dawa, kwa hiyo kwapa la sare yake halikatwi kama la mtu wa kukaa ofisini. Hilo laptopu haikulijua. Basi wakakubaliana: Shangazi atachora akiwa amekaa kitini, michoro itapelekwa kwa mchapaji anayechapa ramani za nyumba kwenye karatasi kubwa, na Mama Pacha, mshonaji wa meza ya pili, ndiye atakayesimama na mkasi.

Kazi ya kwanza ikaja upesi. Sare za wauguzi, sabini na mbili, saizi tisa. Michoro ilitakiwa iwe kwa mchapaji Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Jumatano Kadogo akaileta laptopu chumbani, akaiweka kwenye meza iliyokuwa ya vifungo, karibu na dirisha, na waya wa chaja akauchomeka kwenye ekstensheni iliyokuwa chini ya meza ya kupigia pasi.

Shangazi akavaa miwani, akavuta kiti, akaanza na mgongo wa saizi ya kwanza. Hakufika begani. Kioo kikawa cheusi.

Akaondoa mikono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Kadogo, njoo uone."

Kadogo akaja kutoka chumba cha mbele, akainama. Kioo kilikuwa kinawaka, na mchoro wa mgongo umetulia palepale ulipoachwa. "Nione nini, Shangazi?"

"Kilikuwa cheusi."

"Mbona kinawaka?"

"Sasa kinawaka. Kilikuwa cheusi."

Kadogo akagusa kitufe kimoja, akagusa cha pili, akachora mstari na kuufuta. Hakuna kilichotokea. Akarudi kwa mteja wake. Shangazi akaweka mikono tena, na kabla hajamaliza kupumua, kioo kikawa cheusi.

Siku ile ilikuwa hivyo mpaka jioni. Na kama vile hilo halikutosha, mara nyingine laptopu ilizimika yote, kioo na taa zake na ule mlio mdogo wa feni, kimya kama mtu aliyezirai. Hapo ilibidi iwashwe upya, na mchoro ambao haukuhifadhiwa ulikwenda na maji.

Mpiga pasi, ambaye kwa kazi yake walimwita Mvuke, alikuwa mtu wa mdomo mwepesi. Alikuwa na mazoea ya kumtania Shangazi kwa ile bangili yake ya pini. Shangazi alikuwa amejitengenezea mkanda wa ngozi wenye kibati cha duara, akiuvaa mkono wa kushoto, na pini zilijishikiza pale zenyewe, vichwa vya rangi rangi. Kila asubuhi Mvuke humuuliza, "Shangazi, saa ngapi kwenye saa yako?" naye hujibu, "Saa pini kasoro robo. Washa pasi." Siku ile Mvuke alipata utani mpya.

"Shangazi, hiyo mashine inakukataa. Imezoea mikono laini ya Bosi. Yako inaikwaruza."

"Na yako ingeiunguza," Shangazi akamjibu bila kugeuka. Lakini neno lilimwingia.

Kwa maana alijua kilichokuwa kimesimama nyuma ya utani ule. Kama hawezi kukaa kwenye laptopu, atakaa wapi? Kwenye meza ya kukatia magoti hayamtaki. Cherehani ya kukanyaga ndiyo kabisa. Ingebaki kushona vifungo na kukata nyuzi zinazoning'inia, kazi ya mtu ambaye wenzake wanaona haya kumwambia aende nyumbani.

Alhamisi mchana, kwa ruhusa ya Kadogo, akavaa nguo zake za kutokea, akavua kila kitu cha kazi akakiacha kwenye droo, akaifunga laptopu kwenye kanga na kuipeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe watu walimwita Polepole. Chumba chake kilibanwa kati ya kinyozi na duka la viatu, kina taa mbili za kuinamishwa na visanduku vya skrubu vilivyopangwa kwa ukubwa. Watu walimlalamikia kwa jina hilohilo, lakini walirudi kwake, kwa sababu alichokitengeneza hakikurudi.

Akaipindua laptopu, akatoa skrubu kumi na moja, akazipanga kwenye karatasi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Ndani ya feni akavuta bonge la nyuzi lenye ukubwa wa kidole gumba. "Hii ndiyo hewa mnayovuta huko kwenu?" akauliza.

"Hiyo ni ya siku moja, fundi."

Akapima chaja kwa mita yake, akatikisa waya, akapima tena: nzima. Akaunganisha laptopu na kioo kingine kikubwa, akavitazama vyote viwili vikiwaka bega kwa bega muda mrefu: vizima. Akamkalisha Shangazi palepale. "Chora kama unavyochora kazini." Shangazi akachora saa nzima, mgongo na mbele na mkono mmoja. Kioo hakikupepesa hata jicho.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Shangazi alijisikia kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali akiwa na homa, wakafika, mtoto akaanza kucheza.

Fundi Polepole akakaa na mashine ile mpaka Jumamosi, na Jumamosi akasema hivi: "Mama, nina moja ninalolijua na mengine siyajui. Betri hii ni jina tu, imekufa zamani. Kwa hiyo mashine inaishi kwa waya peke yake, umeme ukiyumba kidogo haina pa kujishikiza, inaanguka. Betri nyingine nitaiagiza, itafika wiki ijayo mwishoni. Lakini kioo sikioni kosa lake. Mnapokaa nayo ni nini kinatokea kabla hakijawa cheusi?"

"Hakuna. Nachora tu."

"Lazima kuna kitu. Mashine haiwezi kusema naumwa hapa. Wewe ndiye unayekaa nayo, wewe ndiye utakayeisemea. Jumatatu uniandikie kila inapotokea: saa, nani amekaa, nini kinaendelea chumbani. Na usichanganye. Kuzimika yote ni ugonjwa mmoja. Kioo kuwa cheusi huku taa ndogo ya pembeni inawaka ni mwingine. Mtu anaweza kuumwa jino na tumbo siku moja."

Jumatatu Shangazi hakuandika. Kalamu na yeye hawakuwahi kuelewana vizuri. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe, urefu wa mkono, akakipiga mistari ya chaki, kila mstari saa moja, akaweka sindano mbili tayari. Uzi mwekundu: imezimika yote. Uzi wa bluu: kioo cheusi, taa inawaka. Akiwa amekaa mtu mwingine, mshono unalala kushoto. Akiwa amekaa yeye, unalala kulia. Mvuke akiwasha pasi, kitanzi kidogo cha uzi wa njano ukingoni mwa mstari. Dirisha likifunguliwa, nukta ya kijani. Hata mvua ya dakika kumi ya saa nane aliitia kwa uzi wa kijivu, kwa sababu fundi alisema kila kitu.

Alipokwenda kumpima mteja, Mama Pacha alikaa mahali pake, na saa ya chakula vilevile. Kadogo alikaa mara mbili. Jioni Shangazi akakata nyuzi kwa meno, akakiweka kitambaa mezani, na wote wakainama kukiangalia.

Mishono myekundu ilikuwa mitano, mitatu kulia na miwili kushoto. Ya bluu ilikuwa kumi na minne. Yote kumi na minne ililala kulia.

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuelewa, akajifanya anatafuta mkasi. Mvuke akatazama uso wa Shangazi, akageukia pasi yake.

"Shangazi," Kadogo akasema taratibu, "umejishtaki mwenyewe kwa uzi wako mwenyewe."

"Nimeshona nilichokiona."

"Najua. Ndiyo maana naamini." Kadogo akavuta kiti, akakaa ili wasiongee mmoja amesimama. "Leo ni Jumatatu. Saizi tisa, tuna mbili na nusu. Sijui kama unabonyeza kitu bila kujua, au ni nini. Ila Mama Pacha akikaa, inawaka. Nafikiri keshokutwa akae yeye, wewe uwe pembeni yake unamwelekeza. Halafu kuna vifungo vya yale makoti ya wateja, vinasubiri mtu."

"Mimi sijaomba," Mama Pacha akasema, macho chini.

"Hujaomba, nakuomba mimi."

Neno vifungo likakaa katikati ya chumba kama kiti kilichovunjika, hakuna anayetaka kukikalia. Shangazi akakikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne.

"Umesema keshokutwa," akasema. "Basi kesho ni yangu. Niitie Fundi aje hapa."

"Fundi Polepole? Shangazi, yule mpaka avue viatu ni saa sita."

"Aje hata na viatu."

Kadogo akampigia simu.

Fundi Polepole alifika Jumanne saa tatu na mkoba mdogo wa ngozi, na Mvuke akampokea mlangoni: "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgonjwa yuko dirishani." Fundi hakucheka, ila alimpa mkono. Akaomba kile kitambaa. Akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akakisoma mstari kwa mstari na kidole, na kwa mara ya kwanza Shangazi akaona uso wake unachangamka.

"Mama, katika watu wote niliowaambia waniandikie, wewe wa kwanza umeniandikia. Vitanzi hivi vya njano ni nini?"

"Pasi. Kila anapoiwasha."

"Angalia basi. Kila mshono mwekundu una kitanzi jirani yake. Hakuna mwekundu hata mmoja usio na kitanzi."

Wote wakamgeukia Mvuke. Mvuke akaiweka pasi chini polepole. "Mimi na pasi hii tuna miaka sita. Hatujaua mtu."

Fundi akapiga magoti chini ya meza, akaivuta ekstensheni, akainusa. Akawaambia wainuse. Ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoanza kuiva. Akaifungua, akawaonyesha shaba ndani: ilikuwa imelegea na kugeuka rangi. "Pasi ikivuta umeme hapa, chaja inabaki inapepesuka. Na nimewaambia betri haipo. Hebu iwashe." Mvuke akawasha pasi, akangoja, akaizima, akaiwasha tena. Mara ya pili laptopu ikazirai yote, taa na feni. Fundi akauchomoa waya wa chaja, akaupeleka kwenye soketi ya ukutani nyuma ya mlango, ambayo siku zote ilizibwa na ufagio. Mvuke akawasha na kuzima pasi mpaka mkono ukachoka. Laptopu ikaendelea kuwaka.

"Kwa hiyo muuaji ni mimi," Mvuke akasema.

"Ni ekstensheni. Itupeni leo, itawachomea chumba."

Kadogo akashukuru, lakini macho yake yalibaki kwenye mishono ya bluu. Mteja kutoka hospitali alikuwa amefika chumba cha mbele kuulizia rangi ya vitambaa, ikabidi aende. Mvuke akabeba nguo za watu kwenda kuzipeleka, na ile ekstensheni mkononi. Mama Pacha akarudi kwenye cherehani yake, mgongo umewageukia, mashine ikinguruma. Wakabaki Shangazi, Fundi na laptopu.

"Sasa mama, kaa kama siku zote. Usikae vizuri kwa sababu yangu."

Shangazi akakaa kama siku zote. Dakika haikuisha, kioo kikawa cheusi. Taa ndogo inawaka.

Fundi akakubali kwa kichwa, kana kwamba mtu waliyekuwa wanamsubiri ameingia. Baada ya hapo alibadilisha kitu kimoja kimoja, na kila kimoja alikipa muda wake. Akaondoa mto wa kitini: kikawa cheusi. Akaondoa miwani, akaondoa aproni, akamvua ndala akamwekea miguu kwenye ubao mkavu: cheusi, cheusi, cheusi. Akamwambia akunje mikono mapajani asiguse kitu, na wakakaa hivyo dakika kumi kwa saa yake, wakitazamana na kioo. Kikawaka muda wote.

"Basi si kukaa kwako. Ni mikono yako. Weka wa kulia peke yake."

Akaweka wa kulia, akachora nao mstari mrefu. Kinawaka.

"Utoe. Weka wa kushoto."

Akauweka wa kushoto, kiganja kikapumzika pale ubavuni mwa vitufe ambapo hupumzika siku zote. Kioo kikawa cheusi. Akauinua: baada ya kupumua mara mbili, kikawaka. Akaushusha: cheusi.

Fundi hakutazama tena mashine. Alitazama mkono. "Hiyo ni nini?"

"Ya pini."

Akatoa skrubu mfukoni, akaisogeza karibu na bangili. Skrubu ikamponyoka vidoleni ikaruka ikajibandika kati ya pini. "Sumaku ya namna hii umeitoa wapi?"

"Kwenye spika ya redio iliyokufa. Zamani."

"Ivue."

Shangazi akafungua kifungo cha mkanda. Chini yake ngozi ilikuwa na mviringo mweupe, laini kama wa mtoto, ambao hakukumbuka mara ya mwisho kuuona mchana. Akauweka mkono mahali pake. Kioo kikawaka. Akachora bega, akachora kwapa, akageuza mstari. Kinawaka. Fundi akachukua bangili peke yake, haina mkono wa mtu ndani yake, akaipitisha juu ya kona ile ya kushoto. Cheusi. Akaiondoa. Kinawaka.

"Kwenye mfuniko wa mashine hii kuna sumaku ndogo," akaeleza kwa sauti ya chini, "na hapa chini kuna kitu kinachoihisi. Ukiifunga, sumaku inashuka, mashine inasema mwenyewe kaenda kulala, tuzime kioo. Wewe kila ukiweka mkono, inadhani umeifunga. Ukiutoa kwa hofu, inadhani umeifungua. Bosi akifika, kinawaka. Na nyumbani kwa Bosi Jumapili, na kwangu, hukuja na pini."

Shangazi akaitazama bangili. Siku sita alikuwa amelala macho wazi akijiuliza ni kidole gani kinakosea, kama ni uzee, kama kichwa kimeanza kumtoka. Na siku sita ilikuwa pale mkononi, inang'aa.

Fundi akasogea karibu. Alikuwa mtu wa kazi, lakini hakuwa kipofu. Alikuwa ameona yale makoti yasiyo na vifungo yamerundikwa kando ya kiti. "Mama, hawajaona. Nikitaka naweza kusema kulikuwa na waya wa kioo umelegea, nimeukaza. Wewe unaweka bangili mfukoni, mambo yanaisha. Nimeona watu wenye kazi zao wakitolewa kwenye kiti kwa jambo dogo kuliko hili."

Kwa Shangazi lilikuwa neno tamu. Waya umelegea: mashine ilikuwa mgonjwa, yeye mzima, na Mvuke atafute utani mwingine. Ukweli ulikuwa na ncha. Ukweli ulisema mishono yote kumi na minne ilikuwa yake kweli, na kwamba aliyekuwa anaifunga mashine siku nzima ni yeye.

Akamtazama Mama Pacha mgongoni. Kwenye ukosi wa blauzi yake pini zilikuwa zimechomekwa safu nzima, na wiki ile ile alikuwa amesema, "Shangazi, ile spika si ilikuwa na mwenzake? Nitengenezee na mimi ya mkononi." Na sumaku ya pili ilikuwepo kwenye droo.

"Fundi," akasema, "mimi nikikata nguo ya mtu ikambana, simwambii kitambaa kimerudi kilipofuliwa. Kuna wanaosema hivyo. Halafu wanakata nyingine, inabana vilevile." Akainua sauti ipite juu ya cherehani. "Mama Pacha, zima hiyo. Niitie Kadogo."

Kadogo akaja na sampuli ya kitambaa bado mkononi. Shangazi akasimama, akamwachia kiti. "Kaa. Nipe mkono wa kushoto." Akamfunga bangili kwenye kifundo cha mkono, kwa tundu la mwisho maana mkono wa Kadogo ulikuwa mwembamba. "Sasa chora."

Kadogo akaweka mikono. Kioo kikawa cheusi.

Akautoa mkono kwa haraka ileile, kama wa mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kikawaka. Akatazama kioo, akatazama bangili, akaushusha mkono tena kwa makini. Cheusi.

"Kumbe," akasema.

Fundi akaeleza tena habari ya mfuniko na sumaku, polepole, na safari hii hakuna aliyemlalamikia kwa hilo. Mvuke akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni akikuta maelezo yanakaribia kuisha. Akatega sikio, akaunganisha, na uso wake ukakunjuka.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwako, Shangazi, kimekaa kwenye saa."

"Na chako kilikuwa kwenye ekstensheni," Shangazi akasema. "Leo tumetoka sare."

Kadogo alikuwa bado amekaa. Aliifungua bangili akairudisha kwa mikono miwili. "Shangazi, jana nilisema..."

"Ulisema kilichokuwa kwenye kitambaa. Nilikishona mimi, usijitafune." Shangazi akaitia bangili kwenye droo na kuisukuma. "Ila ulihesabu mishono, hukuuliza mkono. Fundi aliuliza mkono."

Kadogo akakubali kwa kichwa. Halafu akainuka kwenye kiti, akakifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi, akakisogeza nyuma kidogo ili Shangazi aingie bila kukunja goti sana. "Mama Pacha, yale makoti yasubiri. Yatagawanywa kwa wote mchana, mimi nikiwemo. Wewe anza kutandika kitambaa cha sare."

"Na kompyuta?" Mama Pacha akauliza.

"Kompyuta ina mtu wake."

Mama Pacha akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeponea tundu la sindano, akaenda kutafuta mkasi mkubwa.

Siku mbili zilizofuata Shangazi alichora toka asubuhi mpaka jua linapoacha dirisha. Mkono wa kushoto ulimtia tabu: kila alipouacha mchoro kusaidia kupima mtu na kuokota pini, aliipiga kifundoni bila kufikiri, nayo ikaanguka chini. Mvuke akawa anatembea chumbani kama kuku, akiangalia anapokanyaga. Alhamisi saa kumi, saizi ya tisa ikakamilika, mgongo, mbele, mikono na ukosi. Kioo hakikuzimika hata mara moja, isipokuwa pale Shangazi mwenyewe alipoifunga laptopu akaenda kujinyoosha.

Aliporudi alikuta karatasi imewekwa juu ya mfuniko. Kadogo alikuwa amesimama pembeni anahesabu zipu, hakugeuka.

"Hii nini?" Shangazi akauliza.

"Makoti ya madereva wa magari ya kubeba mizigo. Ishirini na nane. Utaanza michoro ya sare ikishafika kwa mchapaji kesho."

Shangazi akavaa miwani, akaisoma karatasi yote kutoka juu, akaishusha. "Vipimo hivi vimechukuliwa watu wamesimama."

"Ndiyo. Wanapimwaje tena?"

"Dereva hufanya kazi amekaa, Kadogo. Niletee mmoja hapa, nimkalishe kwenye kiti nimwone anavyoshika usukani. Kabla ya hapo sichori kitu."

Kadogo akaweka zipu chini, akaenda kupiga simu.